Kikundi cha Kilwa Kilichotoka Chumbageni

Jumatatu, 3 Septemba 1956

Leo Bi Mwatumu ametangaza msimu. Vikundi vitatu, Jumapili tatu, vyote vya michezo ya nyimbo. Unguja watafungua, Mombasa watafuata, Moshi watafunga kwa matarumbeta yao. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ukumbi hapa Chumbageni. Nimelisoma. Nimelisoma tena nikianzia chini. Mchezo wangu haumo.

Miaka sita nimeutunga huo Malkia wa Tongoni, tena juu ya cherehani, huku nashona. Una mfalme, una waziri mwovu, una malkia anayekataa kuozwa kwa nguvu. Kila mteja aliyekuja kupimwa kanzu amesikia walau wimbo mmoja, apende asipende.

Nikaenda kwa Bi Mwatumu. Ukumbi ni wake. Marehemu mumewe alikuwa akiweka mbata humo, na mpaka leo ukikaa viti vya nyuma unatoka unanukia nazi. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kosa lililotokea kwenye tangazo. Akasema si kosa. Msimu ni wa vikundi vinavyosafiri. Nyumba yangu iko nyuma ya ukumbi, nikikohoa yeye anasikia. Watu hawatoki majumbani kwao kwenda kumtazama jirani aliyevaa taji.

Meneja wake, Rafaeli, alikuwapo. Akacheka kwa pua. Huyu alikuja Tanga kuwa karani wa shamba la katani, akajua kupiga kinanda kidogo, sasa ni meneja. Funguo zote za ukumbi kazining'iniza kiunoni ili zilie akitembea.

Mke wangu Saleha anakumbusha kwamba kanzu za harusi ya Makorora bado hazijatiwa mikono. Nimemwambia kuna mambo makubwa kuliko mikono.

Jumanne, 4 Septemba

Unguja hawaji. Mwimbaji wao mkuu ameshikwa na machubwichubwi, mashavu yamevimba, hata kumeza mate ni shida. Nampa pole. Bi Mwatumu ana Jumapili tupu, na mji mzima umeshafua nguo za kuvaa.

Nilikuwa natoboa tundu la kifungo wazo liliponijia. Bibi anataka kikundi kinachosafiri. Basi nitasafiri. Nitakwenda Tongoni, kisha nitatoka Tongoni nije Tanga. Nani atasema sikusafiri?

Nikarudi kwa Bibi. Nikamwambia nimekutana kituo cha basi na mjumbe wa kikundi cha Kilwa. Wako njiani kwenda Mombasa, wanapumzika Tongoni. Kiongozi wao ni Maalim Buheti, mtunzi anayejulikana pwani yote ya kusini. Nilishangaa mwenyewe jinsi jina lilivyotoka vizuri. Bibi akauliza mchezo wao unaitwaje. Nikasema Malkia wa Kilwa. Akanitazama kitambo, akasema haya, waje.

Rafaeli akataka kujua kwa nini watu wa Kilwa wapumzike Tongoni. Nikamjibu wanapenda magofu; kwao yako mengi, wakiyakosa hawapati usingizi. Siku njema sana.

Jumatano, 5 Septemba

Nimepata waigizaji. Kombo, muuza samaki, rafiki yangu tangu utotoni, atakuwa waziri mwovu. Ana kifua kipana na sauti inayofika barabara ya tatu. Mfalme ni mimi.

Malkia alinisumbua. Saleha alikataa. Alisema ameshaolewa na mfalme mmoja na anamtosha. Nikamwendea Lea, binti wa Kibondei wa Makorora anayeimba kwaya kanisani kwao na kuniletea nguo za kurekebisha. Lea alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kaiweka mapajani.

"Fundi, kwa nini usimwombe tu Bibi akusikilize?" akauliza.

Nikamwambia yeye bado mdogo, hajui mambo ya sanaa. Akasema atakuja, ila kwa sharti moja. Wimbo wa malkia, ule wa mlango, ataimba polepole. Mimi nimeutunga wa mbio, wa kupigiwa makofi. Tulibishana. Nikakubali, kwa sababu hapakuwa na mwanamke mwingine aliyekubali.

Ijumaa, 7 Septemba

Baada ya sala tulipanda basi kwenda Tongoni. Mazoezi tumefanyia kwenye banda la nyavu. Wenye nyavu walitazama kidogo kisha wakaomba banda lao.

Kombo hawezi kuimba maneno yangu kwa sauti yangu. Kila analosema linatoka kwa ile sauti anayouzia samaki asubuhi, inapanda mwanzo na kuvutwa mwisho. Nikimwambia tishia, anatishia kama mtu anayeuza kolekole. Anasema sauti yake ndiyo hiyo, hajawahi kupewa nyingine.

Ndevu zangu za Maalim Buheti zimekamilika. Ni katani safi, nimeichambua mwenyewe na kuitia masizi. Gundi ni uji wa muhogo. Zinawasha vibaya mno. Msanii huwashwa.

Jumamosi, 8 Septemba

Tumeingia Tanga kama wageni. Nilishuka wa kwanza, taratibu, mkono kifuani. Utingo akaniita kutoka juu ya basi, kwa sauti: Fundi Idarusi, sanduku lako hili. Sikugeuka. Mama mmoja akanifuata kuniuliza gauni lake limefika wapi. Nikamjibu kwa lafudhi ya Kilwa. Lafudhi ya Kilwa siijui, kwa hiyo nilisemea puani. Akaniuliza kama nina mafua.

Rafaeli alitupokea mlangoni mwa ukumbi. Akamwamkia Maalim Buheti kwa adabu, akamuuliza habari za Kilwa. Nikasema Kilwa hajambo. Akaniuliza kama nimepata kumsikia fundi mmoja wa hapa aitwaye Idarusi, mtu wa maneno mengi. Nikasema sifa zake zimefika mpaka kwetu, tunaambiwa ni mtunzi hodari.

"Ah," akasema Rafaeli, "basi si huyo."

Nitamkumbuka kwa hilo.

Jumapili, 9 Septemba

Nitaandika yote, maana wengine watayasimulia vibaya.

Ukumbi ulijaa baada ya alasiri. Watu walisimama hadi mlangoni. Pazia likafunguka, Kombo akaingia na upanga. Alitakiwa kuimba: Ewe mfalme, adui yuko langoni. Ilitoka sauti ile ile ya samaki. Mwanamke wa mstari wa mbele, bila ubaya wowote, akauliza kama kuna changu. Kombo ni mtu wa biashara. Akamjibu kesho asubuhi.

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikaingia kuokoa hali. Joto lilikuwa kali, uji wa muhogo ukayeyuka, ndevu zikashuka upande mmoja na kuning'inia shavuni. Mtu akapiga kelele, "Fundi, kanzu zetu!" Walikuwa watu wa harusi ya Makorora, familia nzima.

Nataka ijulikane kwamba sikushuka. Niliimba nyimbo zote za mfalme nikiwa na nusu ndevu, na watu wakifuta machozi kwa kanga. Nilipoona hawasikii, niliongeza sauti. Kombo aliniambia nyuma ya pazia tukimbie. Nikamwambia mfalme hakimbii kwao.

Kisha akaingia Lea. Hakuwangoja wanyamaze. Alisimama tu katikati, akaanza kwa sauti ya chini kabisa:

Mlango nimeufunga, ufunguo ninao mimi.
Abishaye na abishe, kwa kelele sifungui.

Wa mbele wakanyamaza ili wasikie. Wakawanyamazisha wa nyuma. Aliimba polepole, kama alivyotaka. Kila neno nililijua, maana nilililaza na kuliamsha mimi, lakini sikupata kulisikia hivyo. Yule mama wa gauni aliinamisha kichwa. Bi Mwatumu, ambaye tangu azikwe mumewe sijamwona akifunga macho mbele za watu, alifumba macho. Nilisahau kujikuna.

Alipomaliza yakaja makofi. Mzee mmoja akasimama, akataka kujua nani katunga wimbo ule. Rafaeli, na funguo zake, akasoma tangazo: mtunzi ni Maalim Buheti wa Kilwa.

Nikazing'oa ndevu zilizobaki. Nikasema hakuna Maalim Buheti, hajapata kuzaliwa, wimbo ni wangu mimi, Idarusi, fundi cherehani wa Chumbageni. Walicheka kuliko walivyomcheka Kombo. Yule mzee akanihurumia.

"Idarusi mwanangu," akasema, "mwachie Maalim wa watu wimbo wake."

Katika yote niliyowaambia wiki nzima, wameamini hilo moja.

Jumatatu, 10 Septemba

Bi Mwatumu ameniita. Nilikwenda nimenyoosha mgongo, kidevu kimejaa vipele vya katani.

Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Ukuta wa ukumbi na wa nyumba yangu ni mmoja, na wimbo wa mlango ameusikia miaka sita kupitia matundu ya hewa. Nikamuuliza kwa nini basi aliniachia nifike mpaka jukwaani.

"Nilikuwa na Jumapili tupu," akasema. "Na ule wimbo niliutaka siku nyingi. Nilikuwa nangoja uniletee wimbo mmoja tu, wewe ukawa unaniletea mchezo mzima na taji lako."

Akaendelea. Lea ataimba wimbo huo kila Jumapili kabla ya wageni kuanza, na jina langu halisi litatajwa. Sharti ni kwamba Jumapili ijayo nisimame mbele ya watu, niseme nilidanganya, niombe radhi, niketi. Nisipofanya hivyo, nisikanyage tena jukwaa lake.

Jioni Lea akapita kwetu. Anataka nikubali. Anasema haoni raha kuimba wimbo wa mtu asiyekuwako. Saleha alipomkaribisha chai aliungana naye.

"Baba Mboni, sema samahani, ushuke," akasema. "Ni neno moja. Mimi nalisema kila siku kwa wateja wako."

Nimewaambia nitafikiri.

Jumapili, 16 Septemba

Nilianza vizuri. Watu wote wa Jumapili iliyopita walikuwapo, na Mombasa walikuwa pembeni wamevaa tayari, wanang'aa. Nikasema nimesimama kuomba radhi, nilidanganya, nisameheni. Watu wakaitikia vyema. Lea alikuwa akitabasamu. Hapo ndipo nilipotakiwa kuketi.

Lakini nilimwona Rafaeli naye akitabasamu. Nikaona ni haki watu waelewe. Nikaeleza kwamba uongo wenyewe nililazimishwa, kwa kuwa tangazo lilikosewa tangu mwanzo. Kwamba muhogo wa mwaka huu haunati. Kwamba anayeuliza changu katikati ya mchezo ndiye wa kuomba radhi. Kwamba wapo mameneja ambao ukiwavua funguo hawabaki na kitu. Mombasa walianza kukaa chini. Nilikuwa nimefika kwenye mstari wa waziri mwovu, nauimba kama ulivyopaswa kuimbwa, pazia likafungwa mbele yangu. Nikaendelea nyuma ya pazia. Watu wawili wakanishika mikono, kwa heshima, wakanitoa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo wimbo wangu niliusikia nikiwa nyumbani, kupitia matundu ya hewa. Rafaeli alitangaza kuwa ni wimbo kutoka Kilwa. Lea akaimba. Alipofika "kwa kelele sifungui", nusu ya ukumbi iliitikia, wameshaujua. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, mguu umesimama. Saleha akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Wimbo ulipokwisha akasema ni mzuri, na akaenda kupika.

Nilikaa hapo mpaka Mombasa walipoanza ngoma zao. Sikujuta. Nilikuwa na mambo mengine matatu ya kusema kuhusu Rafaeli.

Jumatano, 19 Septemba

Bi Mwatumu amekataza nisipande jukwaani. Nimeyapima maneno yake. Jukwaani. Matarumbeta ya Moshi hupigiwa chini, mbele ya jukwaa. Hakusema chochote kuhusu chini.

Leo nilikwenda stesheni kuipokea treni ya Moshi. Kiongozi wao ni Manase, Mlutheri mpole mwenye koti zito. Alishuka na huzuni. Mpigaji wake mmoja ameng'olewa jino, mdomo umevimba, na hajui atampata wapi mtu wa kushika tarumbeta mpaka Jumapili. Akaniuliza kama hapa Tanga yupo. Nikamwambia yupo, na ndiye huyu anayezungumza naye. Akafurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Tarumbeta amenikabidhi pale pale.

Saleha ameniuliza nilijifunza lini. Nimemwambia kesho. Midomo ninayo, pumzi ninayo, na Rafaeli atakuwa amekaa karibu.

Manase aliuliza jina langu na nilikotoka. Nilikuwa nimeshalifikiria jambo lote la wiki zilizopita kwa utulivu, na nimeona kosa lilipokuwa. Kilwa iko karibu mno. Watu wana ndugu huko, wanauliza habari. Nimemwambia naitwa Mwinyijuma, wa Lindi.