Maji Hupwa Saa Nne

Alhamisi, 14 Agosti

Tumefika. Mji mdogo wa pwani, kuta nyeupe, kutu kwenye kila bawaba. Tuko watano kwenye nyumba ya wageni: mimi na mke wangu, dada yake na mumewe, na baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, peke yake katika chumba chenye roshani. Mkwe ametangaza mezani kwamba hataki pilikapilika. Tutembee taratibu, tuone mji, basi. Ila kuna kitu kimoja anakitamani: mnara wa zamani wa taa, ule ulio juu ya mawe mbele ya ufuko. Maji yakipwa unauendea kwa miguu.

Nafasi hiyo!

Niandike ukweli, daftari ni langu. Nimemwoa binti yake miaka kumi na mmoja. Mume wa shemeji ana miaka minne tu ya ndoa lakini anaitwa "mwanangu". Mwanangu, lete gazeti. Mwanangu, unaonaje. Mimi ni "huyu bwana". Huyu bwana ameshakula? Anauliza hivyo nikiwa nimekaa pale pale, akimtazama mke wangu! Na huyo mwenzangu ni mfamasia tu. Anavaa soksi hata ufukweni. Safari hii naondoka nikiwa mwanangu, wapende wasipende.

Jioni nimepita soko la samaki kimya kimya. Ukutani kuna ubao wa maji, umeandikwa kwa chaki: JUMAMOSI, KUPWA 4:00. Nimeukariri. Sijamuuliza mtu. Kuuliza ni kwa wasiojua.

Ijumaa, 15 Agosti

Matembezi ya mji. Nimejipa uongozi. Hakuna aliyenichagua, lakini hakuna aliyenikataza. Nimewapitisha vichochoro vitatu, viwili vikawa havitokei popote. Kisha nikawasimamisha mbele ya jengo lenye milango mizito, nikawaeleza habari za ngome ya kale, mizinga, wafungwa. Nilitia chumvi kidogo. Mlango ukafunguka, akatoka mwanamke wa buti za mpira akisukuma toroli la barafu. Ghala la samaki! Mfamasia, kwa kiherehere chake, akamuuliza limejengwa lini. Mwaka juzi.

Mkwe akasema huyu bwana ana macho ya ajabu. Nimelipokea kama sifa.

Baadaye tukakaa kwa muuza kofia karibu na ngazi za ufuko. Upepo mzuri. Mkwe akajaribu kofia saba na kucheka mwenyewe kwenye kioo. Nikaona ndiyo saa yangu. Nikatangaza: kesho saa nne kamili asubuhi tunavuka kwenda mnarani. Mfamasia akasema tuwaulize wenyeji kwanza. Nikamkumbusha kwamba mimi ni fundi saa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Mkwe akanitazama, na safari hii akanitazama kwa matumaini. Nimefurahi mno.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku mbaya. Naandika haraka.

Saa nne kamili tuko ngazini. Maji yamejaa mpaka ngazi ya tatu. Nikasema yanashuka, wawe na subira. Mke wangu akasema mbona yamemfikia kwenye vidole naye hajasogea. Nikasema ndivyo yanavyoanza kushuka. Domo langu hili! Ili kuwatoa wasiwasi nikatangulia. Viatu vya mkwe nilivibeba mimi, kwa adabu, nimevining'iniza shingoni kwa kamba zake. Viatu vya ngozi, alivyopewa na wanafunzi wake siku ya kustaafu. Magotini. Kiunoni. Kifuani, na bado naeleza. Likaja wimbi. Kamba zikafunguka, viatu vikaenda zake.

Mfamasia akaingia na soksi zake, akaokoa kimoja. Cha kushoto.

Muuza kofia alikuwa ngazini, anacheka huku kajishika mbavu. Akaniambia, baba, maji leo yanapwa saa kumi. Ile nne ya ubaoni ni saa za kizungu, huku kila mtu anajua. Halafu mkwe, polepole, kama anayesoma matokeo ya mtihani: fundi saa hajui kusoma saa.

Saa kumi walivuka wote wanne juu ya mchanga mkavu. Mkwe kavaa ndara za shemeji, za rangi ya waridi. Niliwaona kutoka roshani, wanapiga picha. Niliumia, sikatai. Mke wangu amerudi na kokoto ya mnarani, akaniwekea kiganjani, akasema ningeuliza tu, baba watoto. Ningeuliza tu.

Jumapili, 17 Agosti

Mtu akikosea hujirekebisha. Tiketi za kurudi karani kaziandika kwa mkono, 2:00. Asubuhi wote mbio, mabegi huku na huku, eti basi la saa mbili. Nikacheka! Si mji huu huandika saa za kizungu? Mbili hiyo ni saa nane mchana. Nikawaeleza kwa upole, nikawachorea hadi uso wa saa kwenye karatasi. Mfamasia akasema amemuuliza karani, basi ni saa mbili asubuhi. Ameuliza tena! Mtu mzima.

Mkwe akasimama mlangoni, mguu mmoja kwenye kiatu, mwingine kwenye ndara ya waridi. Akanitazama kwa muda. Akaniwekea mkono begani. Akasema wao watangulie na hilo la saa mbili, mimi nisubiri hilo langu. Baki tu, mwanangu.

Mwanangu! Mbele ya mfamasia!

Sasa ni saa tatu. Niko kituoni, benchi lote langu. Mke wangu amepiga simu akiwa njiani, anasema basi lilikuwa ni hilo hilo na hakuna jingine mpaka Jumatano. Maskini, naye wamemchanganya. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, amsalimie baba. Karani yupo dirishani, hatua tatu kutoka hapa. Ananitazama tangu nilipofika, kama mtu mwenye neno la kuniambia. Sina haja ya kumuuliza.