Samaki wa Lesi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Milembe bado yuko Nassa kwa mama yake. Nyumba imenyamaza. Nimefagia uwanja. Nimefagia tena. Nimeenda stendi kuangalia basi la kutoka Lamadi. Hakushuka. Nimerudi kibandani, nimekaa kwenye cherehani, mguu unakanyaga na juu hakuna kitambaa.

Kosa langu ni nini hasa? Nilikata shela yake ya harusi. Basi. Shela ilikuwa imelala sandukuni tangu tuoane, haina kazi, na mteja alitaka gauni la komunio lenye mikono ya lesi. Mikono ikatoka vizuri sana. Milembe mwenyewe aliisifia pale kanisani, mpaka alipoitambua. Akasema alikuwa anamtunzia binti yetu Salu. Nikamweleza kwamba Salu yuko bwenini, kidato cha pili, hawazi harusi. Akafunga mzigo.

Ujumbe umeletwa na mama yake mdogo, Minza: Milembe atarudi siku mama yake atakaposema arudi.

Hapo ndipo penye kazi. Nitamwombaje mama mkwe? Kwetu mama mkwe humpi mkono, huli naye, ukikutana naye njiani unaingia majanini na kutazama chini. Miaka yote hii ninachokifahamu vizuri ni viatu vyake.

Jioni amepita Mama Flora, mwenyekiti wa akina mama wa parokia. Jumapili ni jubilei ya parokia. Kinatakiwa kitambaa kipya cha mimbari. Sylvester wa kibanda cha jirani, mwenye cherehani ya umeme inayotarizi yenyewe, keshajitolea. Anajitolea kila kitu huyu. Halafu Mama Flora akaongeza kwamba wazee waliobatizwa hapa zamani watakaa benchi la mbele. Mmoja wao ni mama mkwe, maana kabla ya kuolewa Nassa alikuwa msichana wa hapa Ngulyati. Milembe atamsindikiza.

Nimemwambia Mama Flora kitambaa nitashona mimi. Kwa nini, sijui bado. Akili imeanza kuchemka.

Jumanne, 15 Julai

Nimejua kwa nini.

Ufunguo wa sanduku Milembe huuficha kwenye gunia la mchele. Anadhani sijui. Chini kabisa, ndani ya kanga ya zamani inayonuka vidonge vya nondo, nimekuta lesi. Tulipooana alinionyesha kifurushi hicho, akasema hiki ni cha mama, usikiguse. Hakusema ni nini. Sikuuliza. Mimi ni fundi, kitambaa kinajieleza chenyewe.

Ni lesi ya kroshia, imefumwa kwa mkono, imeanza kuwa na rangi ya maziwa. Samaki mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na jicho lake. Haina mwanzo wala mwisho, inazunguka. Ni wazi kilikuwa kitambaa cha meza ya duara, katikati pakachakaa, ukingo ukabaki.

Na samaki ni alama ya Wakristo wa kwanza! Katekista alishatufundisha.

Mpango ni huu. Mama mkwe ataingia kanisani, atakuta kazi ya mikono yake imepanda mimbarini mbele ya parokia nzima. Moyo utalainika. Ataona kwamba Januarius haharibu vitambaa vya watu, anavipa heshima. Atamwambia binti yake aende nyumbani. Mchana huohuo nitakula ugali uliosongwa na mke wangu.

Nimeenda tena stendi. Mazoea tu.

Jumatano, 16 Julai

Mama Flora amekuja kukagua. Ameipapasa lesi, ameuliza imetoka wapi. Sikupanga kudanganya. Mdomo ulitangulia. Nikasema ni ya masista wa zamani, wale wa mwanzo kabisa, imetunzwa kwenye familia. Machozi yakamlengalenga. Akasema atawatangazia waumini. Nikamwambia hakuna haja. Akasema haja ipo.

Kidogo hivi Sylvester naye akaja, eti kuazima chaki. Akaigeuza lesi, akaipima kwa macho, akauliza huo mduara ni wa meza gani. Kisha akasema yeye anaona kama pindo la gagulo. Yaani sketi ya ndani, ile ya bibi zetu! Lesi takatifu hii!

Nimemwambia wivu ni ugonjwa na dawa yake haiuzwi dukani. Ameondoka. Chaki ameisahau, kwa hiyo hakuja kwa ajili ya chaki.

Ijumaa, 18 Julai

Umeme umekatika tangu asubuhi. Cherehani ya Sylvester imekaa kimya kama mkwe ukweni. Yangu ya miguu inanguruma. Nimeimba kwa sauti ili asikie.

Nimekata mduara. Matatizo yakaanza. Malori ya pamba yanapita mfululizo kwenda kwenye kiwanda, vumbi limetua juu ya kazi yote, nimefua, nimeanika, nimefua tena. Halafu lesi ikawa ndefu kuliko mimbari. Sikutaka kupoteza samaki hata mmoja, basi nimeikunja marinda. Jambo la ajabu, marinda yamekaa yenyewe. Kila kunjo limeangukia mahali pake kama lililozoea. Kazi nzuri hujisaidia.

Nimepiga pasi. Sikai, sisimami. Nimetembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu.

Jumamosi, 19 Julai

Wamefika! Wamefikia kwa mjomba Limbu, kaka yake mama mkwe, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nimepita hapo na baiskeli. Nimepita tena. Mara ya mwisho nimemwona Milembe anaanika nguo. Amevaa kile kitenge cha njano. Nimesahau kukanyaga pedali, nimeangukia kwenye michongoma. Ameingia ndani bila kucheka. Angecheka ningepata nguvu.

Minza ndiye aliyetoka. Nimemwamkia kwa Kisukuma, mwadila mayu. Ameitikia, kisha ameuliza kama mikono yangu inatulia siku hizi. Nimemjibu kwamba nimemwandalia mama jambo la kumfurahisha kesho. Amesema hilo ndilo linalomtisha.

Kitambaa nimekikabidhi kanisani. Padri amekipenda. Yeye si wa huku, ametoka Moshi, lakini anajua kitu kizuri.

Jumapili, 20 Julai

Nimejifungia ndani. Naandika haraka.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mimbari iling'aa. Kitambaa cheupe, chini yake marinda ya samaki wakielekea altareni. Mama mkwe benchi la mbele, Minza kulia kwake, Milembe kushoto. Kabla ya misa Mama Flora akasimama. Akatangaza kwamba lesi tunayoiona ni kumbukumbu ya masista wa kwanza, imetunzwa kwa uaminifu na familia ya fundi Januarius. Vigelegele. Nikasimama, nikainama kidogo. Nikamtafuta Milembe kwa macho. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Nikajua ni furaha.

Halafu Minza. Minza sindano haioni, lakini vya mbali anaona mpaka Maswa. Akasema kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuitia ng'ombe: dada, lile si gagulo lako la harusi? Samaki wale si tulifuma mimi na wewe, mwaka ule shemeji alipokuwa anakuletea sato kila siku ili umkubali?

Kila anayejua Kisukuma akaanza kucheka, yaani kanisa zima. Padri akamwuliza katekista kumesemwa nini. Katekista akakohoa, akasema ni habari za kitambaa. Msomaji wa somo la kwanza akakataa kuisogelea mimbari, akasoma kutoka mbali, kitabu kimeshikwa mikononi. Mama Flora alinitazama jinsi watu wanavyomtazama mwizi wa mbuzi.

Mama mkwe alivuta kitenge akajifunika kichwa, akakaa hivyo mpaka baraka ya mwisho.

Gagulo la mama mkwe! Mimi, nisiyeruhusiwa kumpa mkono, nimelifua. Nimelianika hadharani. Nimelipiga pasi. Hakuna samaki ambaye sikumshika.

Getini Sylvester alinipisha kwa adabu. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaenda zake. Msemo huo alikuwa ameuandaa, nina uhakika.

Milembe hatarudi. Namjua. Na mimi kwa kweli siwezi nyumba hii peke yangu. Naongea na cherehani.

Jumanne, 22 Julai

Nimeitwa kwa mjomba Limbu. Sikulala vizuri, sikunywa chai, nimefika kabla hawajafagia.

Nimepewa kigoda karibu na mlango. Mama mkwe yuko chumbani nyuma ya pazia, Milembe yuko naye. Minza ndiye wa kupeleka maneno na kurudisha. Mjomba Limbu akasema niseme nilichonacho.

Nikasema. Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema kitambaa kikifungiwa sandukuni kinakufa, kikitolewa mbele za watu kinaishi. Nikasema watu wa mijini wanachukua lesi za bibi zao wanatengeneza mito, mikoba, kila kitu, na ukoo unaheshimika. Minza akaingia ndani, akatoka. Mama anauliza, kama ni heshima, gagulo la mama yako wewe umelitundika wapi?

Nikasogeza kigoda karibu zaidi na mlango.

Akaingia tena, akatoka. Mama anauliza kama nilifanya kwa dharau.

Hapo yote niliyojiandalia yakaniishia. Nikasema hapana. Nikasema sikujua ni gagulo, Sylvester aliniambia nikaona ni wivu. Nikasema nilichotaka ni Milembe arudi. Nikasema naenda stendi kila siku kutazama basi, makonda wameshanizoea, wananipungia mkono. Nikatazama sakafu.

Nyuma ya pazia mtu akacheka. Alikuwa Milembe, kicheko chake nakijua, kinaanza puani. Kisha kikafuata kingine, cha mtu mzima, kikavu, kinachojizuia na kushindwa. Sikuwahi kukisikia tangu nioe. Minza akalazimika kukaa chini kwanza ndipo aweze kuleta hukumu.

Hukumu: nitoe mbuzi wa kurudisha heshima. Niende parokiani nikamwombe radhi Mama Flora kwa habari ya masista. Nifumue samaki wote kwa mkono wangu, warudi kwenye kanga yao. Na Milembe arudi nyumbani leo hii.

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikaomba arudie. Minza akarudia, akaongeza na sababu kama mama alivyoitoa: mtu kama huyu haachwi peke yake na mkasi.

Nimebeba mzigo wa Milembe kichwani mpaka nyumbani. Yeye alitembea nyuma yangu. Kila tulipopishana na mtu wa parokia nilimsikia anaanza puani.

Jumamosi, 26 Julai

Milembe yupo. Kuna moshi jikoni. Nimekula mpaka nimelegea. Ananisema tangu asubuhi, na sijui kama kuna sauti nzuri kuliko hiyo.

Kuna masharti. Ufunguo wa sanduku ameufunga kwenye pindo la kanga yake, analala nao. Mkasi wangu ameukabidhi kwa Sylvester! Nikitaka kukata nguo ya mteja navuka kwenda kwake, naeleza ni nguo ya nani, ananipa, anasimama akiangalia. Leo aliniuliza kama mwenye kitambaa ana habari. Mbele ya mteja.

Samaki nimewafumua wote kwenye mimbari, salama. Mama Flora alisimama juu yangu muda wote. Nilipomaliza alinong'ona kuuliza kama mama mkwe anaweza kuwafundisha akina mama kufuma samaki wale. Kumbe walimpendeza. Kumbe nilikuwa sahihi tangu mwanzo, kasoro ndogo tu ilikuwa kwenye kujua nguo imetoka wapi.

Nimeahidi mbele ya Milembe kwamba nimejifunza. Ameniambia nirudie nikimtazama machoni. Nimerudia.

Mchana huu ameenda sokoni kununua dagaa. Samaki wa lesi bado wako hapa mezani, ndani ya kanga yao, wanasubiri awafungie sandukuni. Nimekaa, nimesimama, nimekaa. Nimeitazama ile kanga. Sijawahi kuitazama vizuri. Ni ya zamani, pamba nzito, nyekundu yake haijapauka hata kidogo, pindo lake hupati siku hizi hata Mwanza. Na kazi yake ni nini? Kufungia vitu. Miaka yote, kufungia vitu.

Mama mkwe amekubali kuja kufundisha akina mama mwezi ujao. Atahitaji mkoba wa kubebea nyuzi. Akiupokea mkoba uliotokana na kanga yake mwenyewe, moyo wake utafurahi kiasi gani?

Mkasi uko kwa Sylvester. Wembe ninao.