Uso Wangu na Mkasi wa Kusini

Jumatatu, 3 Machi 1947
Nimepata sehemu! Mwendesha lifti, filamu ya mauaji. Maneno manne mazima: "Ghorofa ya tisa, bwana." Mbio nikamwandikia Mama kule Kusini aende kuniona sinema ikifika huko.

Cleophus, aliyekwisha kuwa mpagazi wa treni katika filamu kumi na nane, aliniuliza kama Mama anajua habari za mkasi. Kule Kusini mkaguzi wa sinema akimwona mtu mweusi anazungumza na mzungu kama mtu, anakikata kipande hicho cha filamu. Na studio hutuweka sisi weusi makusudi pale panapokatika bila hadithi kuharibika.

Jumanne, 4 Machi
Sijalala. Barua imeshaondoka, na Mama si mtu wa kuweka siri. Kwaya nzima ya kanisa itakuja. Lazima niwe kitu kisichokatika!

Jumatano, 5 Machi
Mrembo muuaji anaangusha ufunguo ndani ya lifti, mpelelezi anauokota, na huo ndio unaomkamatisha. Katika mazoezi niliuwahi mimi, nikampa mpelelezi huku uso nimeuelekeza kwenye kamera. Mwongozaji, Bwana Hartsell, akasimamisha kila kitu. Nikajua kibarua kimeota nyasi. Kumbe kapenda! Sasa bila mimi muuaji hakamatwi.

Cleophus kasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Machi
Wakubwa wa ofisini wamekuja kunong'ona na Hartsell. Eti ufunguo ubaki, mimi nisionekane, Kusini wasije wakakata. Hartsell akazima taa mbili, basi. Umebaki mkono, glavu nyeupe na ufunguo. Maneno manne yamefutwa.

Cleophus kanifariji kwamba siku hizi giza ndio mtindo wa filamu. Mtindo gani? Wazungu nao wamo humo humo gizani, mbona nyuso zao zinaonekana?

Ijumaa, 7 Machi
Kamera ilipoanza nikavua glavu. Kidole changu cha mwisho kimepinda tangu utotoni. Hakuna aliyegundua. Mfa maji ndiye mimi.

Jumanne, 19 Agosti
Barua ya Mama.

Kwaya yote ilijipanga kwenye roshani ya juu ya sinema, wanakokalishwa watu weusi, kofia za Jumapili kichwani. Wakangoja. Mimi simo. Mke wa mchungaji akaanza kukohoa kile kikohozi chake cha dharau. Mama anasema alitamani ardhi ipasuke. Ndipo mkono ukatokea. Mama akasimama.

"Kidole hicho nilikibana mimi na mlango wa jiko! Huyo ni Lucius wangu!"

Kwaya ikapiga makofi mpaka wakatolewa nje wote, hata leo hawajui nani aliua. Mwishoni kaniuliza: mwanangu, uso wako wameuweka wapi?

Nimelia.

Jumatano, 20 Agosti
Nimepata sehemu nyingine! Dereva wa mpelelezi. Kamera itakaa kiti cha nyuma, na Cleophus anaapa kitaonekana kisogo tu. Hana akili yule. Gari si lina kioo? Nitakigeuza kidogo tu, pasipo mtu kujua, uso wangu wote uingie.

Nimemwandikia Mama aialike tena kwaya, na safari hii wakae mstari wa mbele wa roshani. Barua nimeshaitia posta.