Kuhusu Valvu Niliyoifunga Nikaambiwa Sijaifunga

Yasin Abdulghani,
Kitengo cha Mabomba,
Kiwanda cha Sosi ya Nyanya,
Machakos.

Kwa Madam Munyiva, Meneja wa Kiwanda.

Madam mwenye subira (na leo naiomba yote),

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA NENO "FUNGA" NA VALVU ILIYOCHAGULIWA KWA RANGI

Nimeipokea barua yako inayonitaka nijieleze kabla ya Ijumaa kwa nini nisiachishwe kazi baada ya miaka kumi na tisa. Nitajieleza kwa heshima zote, lakini ukifika mwisho utaona kwamba mlalamikaji ni mimi. Haki ya Mungu, nimeonewa.

Notisi yako uliyoibandika mlangoni mwa stoo ilisema: "Valvu mpya ya tangi la tatu ifungwe na Yasin Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, bila kukosa." Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa stoo. Nikafungua sanduku, nikaikuta valvu imelala kwenye karatasi zake, iko wazi. Nikauzungusha mkono wake mpaka ukagoma. Nikaongeza kidogo, kwa uaminifu. Nikafunika sanduku, nikaandika kwenye daftari la zamu "Imefungwa", nikaenda kuwasha pampu.

Sikujua kwamba fundi wetu Bonface alikuwa ameing'oa valvu ya zamani Jumapili na kuliacha bomba mdomo wazi. Sosi ilitoka, Madam. Ilivuka karakana, ikashuka ngazi, ikaingia mapokezi, ambako ulikuwa na wageni waliokuja kukagua usafi wetu. Nasikia mmoja wao alipoteza kiatu. Mwambie pole, kiatu nimekipata.

Sasa malalamiko yangu.

1. Neno "funga" lina kazi nyingi kuliko mimi na halijawahi kuandikiwa barua ya onyo. Jumatatu hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimefunga, kama nifanyavyo kila Jumatatu na Alhamisi. Kibanda cha chai pale nje kilikuwa kimefungwa. Timu yetu ya kiwanda ilikuwa imefungwa mabao manne Jumamosi. Mpwa wangu alikuwa amefunga ndoa juzi yake. Nawe, ukiwa umesimama ndani ya sosi, ulisema mbele ya watu kwamba nitafungwa. Katika hayo yote hakuna aliyefungwa kwa bolti. Ningejuaje basi kwamba valvu peke yake ndiyo inayotaka bolti?

2. Neno "pachika" lipo na halina shughuli yoyote siku nzima.

3. Na hiyo valvu, ilichaguliwaje? Sikuitwa. Valvu huulizwa maswali kabla ya kununuliwa: itapitisha nini, cha moto kiasi gani, kwa msukumo gani, na itafunguliwa mara ngapi kwa siku. Sosi yetu ni nzito, ina mbegu, ina siki, na siki hula chuma hafifu hadi kikatoboka. Lenny, afisa wetu wa ununuzi kutoka Syokimau, ni kijana mzuri, sina neno naye. Lakini aliuliza swali moja tu: iko ya bluu? Kwa sababu nembo yetu ni ya bluu! Ilipofika akasema iko fiti. Fiti wapi, na mdomo wake unapishana na bomba kwa vidole viwili? Hata ningeifunga unavyotaka wewe, isingefungika. Na kama ingefungika, isingefunga.

4. Kwa hivyo naomba kuanzia sasa valvu ichumbiwe kwanza. Huku kwetu Ukambani hakuna mtu anayeleta bibi arusi nyumbani kwa sababu ya rangi ya gauni. Watu hutumwa kwao, wakaulizia ukoo. Nasi tutume wazee wawili wa zamu ya asubuhi mpaka kiwandani inakotoka, waulize kama ina ndugu aliyewahi kuvuja, na kama mama yake alishika kutu mapema. Akikataa mzee mmoja, hatununui, hata kukiwa na ofa.

5. Mpaka wazee warudi, tutumie valvu zisizoweza kufungwa kabisa. Utaniambia hiyo si valvu, ni bomba. Ndiyo, Madam. Nimeishi na mabomba miaka kumi na tisa na hakuna hata moja lililonigombanisha na wewe.

6. Paundwe cheo cha Mkalimani wa Mabomba, atakayesoma kila notisi kabla haijabandikwa. Najitolea. Sihitaji mengi, kiti chenye mgongo tu, na mlango ambao nitaufunga mwenyewe kwa maana moja.

Madam, nacheka hapa lakini naogopa. Kazi nyingine siijui. Najua tangi la tatu likikohoa, na najua pampu ya nne ikidanganya kwamba imepoa. Nikiondoka na hayo kichwani, nitayapeleka wapi? Nani sokoni atayanunua?

Nisalimie mama yako kule Kivaa, wapishi wote wa sosi, walinzi wa getini, Lenny pamoja na bluu yake, na yule mgeni wa kiatu kimoja.

Ni mimi ninayekuheshimu, pampu zikiwaka na zikizimwa,
Yasin Abdulghani

N.B. Bonface ameisoma barua hii akiwa amesimama nyuma yangu, na anadai kwamba Jumapili alinipigia simu akanieleza kila kitu kwa Kikamba. Ni kweli alinipigia. Alisema ameing'oa ya zamani, bomba liko wazi, nipachike mpya kwa bolti nane kabla ya kuwasha chochote. Kwa Kikamba kufunga mlango ni kuvinga, na neno hilo hakulitaja hata mara moja. Mama yangu ni wa Mitaboni, kwa hivyo nilimwelewa vizuri kabisa, hata nikamwambia asiwe na wasiwasi. Lakini bolti nane, Madam, na mtu hajanywa hata maji! Tafadhali barua hii uisome mpaka kwenye sahihi tu.