Babu Bila Mabuti

Jumatatu, 5 Januari

Nimekuwa babu! Picha imeingia kwenye simu ya mke wangu asubuhi: kitu chekundu, kimekunja ngumi, kimekunja uso, hakina unywele hata mmoja. Nikasema kimefanana na mimi kabisa. Mke wangu akasema watoto wachanga wote wanafanana na mimi.

Binti yetu yuko nchi ya baridi kali, aliolewa huko na dereva wa malori ya safari ndefu. Tiketi tulishakata. Alhamisi tunaondoka. Lakini habari kubwa ni hii: binti amenipigia mimi, si mama yake. Jumatatu ijayo mtoto anatoka nje kwa mara ya kwanza, anapelekwa kliniki ng'ambo ya barabara, na atakayesukuma kigari chake ni babu yake. Mimi! Machozi yalinitoka, nikasingizia vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Sharti lake moja tu. Huko njia yote ni barafu. Asiye na mabuti ya baridi hatamgusa mtoto nje ya mlango, awe babu, awe nani.

Sasa, shemeji. Kaka wa mke wangu, naye anasafiri nasi. Alikuwa amekaa pembeni anakula karanga zangu na masikio ameyatega. Akasema kwa upole kwamba kigari kwenye theluji kinataka mtu mwenye uzoefu, na mwenye uzoefu ni yeye. Uzoefu! Zamani alikwenda semina moja ya wiki moja nchi za baridi, na tangu hapo hapajapita harusi wala msiba asiitaje theluji. Mimi je? Nimezeekea kwenye chumba cha baridi cha ghala la nyama. Baridi inanijua kwa jina.

Mpango umeshapatikana. Kazini kuna mabuti. Mimi niko likizo, nayo yatakuwa likizo. Tutaenda likizo pamoja.

Jumanne, 6 Januari

Mtunza stoo alisema mabuti ya chumba cha baridi hayatoki getini mikononi mwa mtu. Nikamshukuru. Miguuni hakusema.

Nikayavaa, suruali nikaishusha juu yake. Ni ya mpira, meupe, yanafika magotini, na ukitembea yanalia kwi, kwi, kama vifaranga. Nikaona dawa ni kuimba. Nikafika getini naimba kwa nguvu zote. Mlinzi akanisikiliza mpaka ubeti wa mwisho, akanisifu sauti, akaniomba nivue.

Viatu vyangu nilikuwa nimeviacha stoo. Stoo ilikuwa imefungwa. Nimerudi nyumbani na soksi, jua la utosi, lami inachemka. Nimetoka kutafuta viatu vya baridi, nimerudi na nyayo zilizoiva. Mke wangu kaniwekea beseni la maji, hakuuliza kitu. Shemeji aliuliza.

Jumatano, 7 Januari

Leo soko la mitumba. Leo ushindi!

Siri ya soko ni moja, nimeirithi kwa marehemu baba. Kitu ukikipenda, kiweke chini. Guna. Ondoka polepole, wala usigeuke. Muuzaji mwenyewe atakuita. Anayegeuka amekwisha. Baba hakuwahi kugeuka maisha yake yote, na nyumbani hatukukosa kitu.

Muuza viatu alinitolea kutoka chini kabisa ya rundo mabuti ambayo sijapata kuona. Magumu kama ndoo, yana vifungo vya chuma mbele, ndani yana sufu. Akaapa kwamba ni ya theluji hasa, hayana mchezo. Akataja bei. Nikaweka chini, nikaguna, nikaondoka. Hata banda la jirani sijalimaliza, nasikia muuzaji akiita, mzee wangu, rudi bwana, tuelewane. Baba, pumzika kwa amani. Kazi inaendelea.

Baadaye, siku hiyohiyo. Nimeyavaa mbele ya familia. Kifundo hakikunjiki. Naweza kusimama, na naweza kuinamia mbele, basi. Kukaa siwezi. Kupanda ngazi siwezi. Mke wangu akauliza kama nimenunua viatu au nimefungwa plasta. Shemeji akasema hivyo ni viatu vya watu wanaojifunga vibao miguuni na kuteleza mlimani, aliviona kwenye semina. Nikamwambia huo ni wivu. Nikataka kuvivua niondoke kwa heshima. Vifungo vikagoma.

Shemeji ndiye aliyenifungua, kwa mpini wa kijiko, taratibu mno, huku akiwaeleza majirani waliokuja kuona kulikoni. Sasa mke wangu amevijaza udongo, anaotesha vitunguu.

Si neno. Njiani tunalala mji mmoja kusubiri ndege ya pili, na mji huo nasikia una baridi na maduka. Nitanunulia huko. Shemeji anasema na yeye anafikiria hivyohivyo. Huyu mtu hana wazo lake mwenyewe!

Ijumaa, 9 Januari

Tumelala njiani. Baridi ya huku si ya chumba cha baridi. Ile yetu imetulia, ina heshima zake, unaikuta ilipo. Hii inatembea. Inakuingia kwenye kola na kutokea kwenye suruali.

Nimevaa viatu vyangu vya ngozi vya sherehe, soli laini kama ulimi. Tukaingia duka la viatu karibu na hoteli. Mke wangu akajaribu mabuti, yakamtosha, akalipa, akatoka nayo mguuni. Nikamsikitikia. Hajui biashara.

Mimi niliyaona ya kwangu tangu mlangoni. Kahawia. Manyoya ndani. Soli ina meno. Nikatia mguu, na mguu haukutaka kutoka. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani, akanieleza kwa vidole kwamba ya saizi ile yamebaki hayo tu. Nikataja bei yangu. Akanionyesha karatasi ya bei. Nikataja bei nyingine. Akanionyesha karatasi ileile. Sawa, mama, nikasema moyoni, wewe ni mgumu, lakini umekutana na mtoto wa baba yangu.

Nikaweka chini. Nikaguna. Nikaondoka polepole.

Kimya.

Nikapunguza mwendo. Nikasimama mbele ya duka la pili nikitazama mashine za kufulia kwa makini sana. Kimya. Nikapita tena mbele ya kioo cha yule mama, mara nyingine kutoka upande wa pili ili asinitambue. Akanipungia mkono akitabasamu. Nikaona huyu anakaribia kulegea. Nikazunguka mtaa mzima, ili nimpe nafasi ya kunikosa.

Niliporudi, vidole vya miguu sivisikii, nimemkuta shemeji amekaa kwenye kile kiti anafunga kamba. Mabuti yangu! Na mguu wake ni mdogo kuliko wangu! Akasema aliyaona yamekaa peke yake, akayaonea huruma, atavalia soksi mbili. Hasira ilinipanda mpaka nikapata joto, na hiyo ndiyo faida pekee ya leo.

Mke wangu anasema nirudi nikanunue hata ya aina nyingine. Duka limefungwa. Na hata lingekuwa wazi, nigeuke mimi?

Jumamosi, 10 Januari

Tumefika. Binti alitupokea mlangoni. Nilitaka kumkimbilia, nikafika kwa mgongo. Soli zangu za sherehe na barafu ya pale nje hazikuelewana. Nimeingia nyumbani kwa mkwe wangu nimelala, nikivutwa na mwanangu na mke wangu, mmoja huku, mmoja huku.

Kisha nikapewa mtoto.

Sijui niandike nini. Alinishika kidole. Ana nguvu! Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka tulikutana wapi. Nilimwambia mimi ni babu yake, na Jumatatu nitamtoa nje akaione dunia. Akapiga chafya. Nikaichukua kama makubaliano.

Binti akaniangalia miguu. Akauliza mabuti yako wapi. Kabla sijajibu, shemeji akanyanyua mguu wake juu ya kigoda, kama anayeonyesha cheti. Binti alisikitika, nilimwona, lakini akasema sharti ni sharti, mtoto ni mmoja na barafu ni nyingi. Mumewe yuko safarini na lori, mabuti yake kayavaa. Kesho Jumapili, maduka yote yamefungwa. Basi kigari atasukuma Mjomba.

Nimekula mara mbili, kwa uchungu.

Jumapili, 11 Januari

Sijashindwa. Akili ni mali.

Mpango: mabuti yenyewe yamkatae shemeji. Wote walipokwenda kumwogesha mtoto, nilichukua gazeti nililolisoma kwenye ndege, nikalikunja vipande, nikaingiza kwenye vidole vya mabuti na kushindilia kwa mpini wa ufagio. Kazini ndivyo tunavyokaushia mabuti, kwa hiyo mkono wangu ni mzoefu. Nimeshindilia kisawasawa. Shemeji atavaa, yatambana, atadhani miguu imevimba kwa safari, atayavua, atatazama huku na huku nani mwenye haki nayo. Nami nitakuwa nimekaa pale, mnyonge, na soksi zangu safi.

Mchana akayajaribu. Nilishika pumzi. Akatembea kutoka jikoni mpaka sebuleni. Akarudi. Akasimama. Akasema, jamani, haya mabuti yalikuwa yananipwaya na kunitia baridi ya vidole, lakini leo, ajabu, yamezoea mguu, yamekaa sawasawa na yana joto zuri!

Kashinda mpaka usiku anatembea nayo ndani ya nyumba. Kumbe nimemtandikia mkeka wa gazeti miguuni kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumatatu, 12 Januari

Siku yenyewe. Mtoto alivalishwa nguo juu ya nguo mpaka akawa mviringo, ikabaki pua tu. Shemeji akashika kigari. Binti akafungua mlango. Barafu ikang'aa kuanzia kizingitini mpaka kliniki.

Shemeji hakusogea.

Tukadhani anasali. Binti akamhimiza. Akasema anakuja. Hakuja. Jasho likamtoka, katika baridi ile! Mwishowe akanivuta pembeni, akaninong'oneza kwamba wakati wa semina hakuwahi kutoka hotelini hata siku moja. Theluji aliiona dirishani. Anaogopa kuanguka na mtoto, na hilo hawezi kujisamehe. Kisha akakaa chini, akavua mabuti yangu, akanipa kwa mikono miwili. Akasema shemeji, wewe ndiye babu, haki ni yako.

Nilimpenda ghafla. Miaka yote hii, sikujua kuwa ninaye shemeji.

Nikatia mguu. Ukafika nusu, ukagoma. Nikasukuma. Nikapiga kisigino chini. Nikasema ni safari hii, miguu imevimba. Gazeti langu mwenyewe linanikataa! Mtoto ndani ya kigari anaanza kuiva. Binti akasema tuone, akatia mkono ndani ya buti, akavuta. Ukatoka ukurasa wa michezo. Ukafuata wa matangazo. Ukafuata ule wa fumbo la maneno, nililolijaza mimi kwa mwandiko wangu, na makosa yangu yote.

Shemeji akautazama. Akanitazama. Akasema kumbe ndiyo maana yalikuwa na joto.

Mke wangu akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Alikuwa ameshavaa mabuti yake tangu asubuhi. Saa ya kliniki ilikuwa imefika, hakuna wa kunisubiri nivae upya; akashika kigari, akatoka na binti, wala hakuteleza hata kidogo.

Mimi na shemeji tulibaki dirishani na soksi. Iliniuma, sitadanganya. Ile safari ya kwanza haitarudi. Shemeji akanisogezea pazia nione vizuri. Kisha mmoja wetu akaanza kucheka, sikumbuki nani, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Waliporudi, mashavu ya mtoto yalikuwa baridi. Binti akanipa nimpashe joto. Nikamweka kifuani, ndani ya sweta, mpaka akalala. Maisha yangu yote nimelipwa kugandisha vitu. Kazi hii ya leo ni bora zaidi.

Nimejifunza. Naandika hapa ili iwe ushahidi: hila basi, ujanja wa sokoni basi. Kitu kizuri kikija, unakipokea.

Jumanne, 13 Januari

Yale mabuti ya kahawia mke wangu kayafungia kabatini, eti tusiyagombanie tena. Mkwe wangu karudi alfajiri. Kasimuliwa yote, kacheka, kisha akateremka mpaka kwenye lori lake na kurudi na mabuti mengine ya akiba. Makubwa! Manyoya mpaka juu. Soli ina meno kuliko yale ya dukani. Akasema baba, pokea, ni yako, mtoto anatoka tena mchana huu, safari hii utamsukuma wewe.

Nikatia mguu. Yananienea kama nilizaliwa nayo. Nikauliza bei. Akasema bei gani, baba, bure.

Nikayageuza. Kisigino cha kushoto kina mkwaruzo kidogo. Bure, huo ni mwanzo wa maongezi tu! Hakuna mtu anayekubali bei ya kwanza. Nikayaweka chini. Nikaguna. Nikaondoka polepole mpaka huku jikoni, ambako ninaandika.

Nasikia wanamvalisha mtoto. Nasikia mkwe anamuuliza mke wangu kama baba hayakumpendeza. Nasikia shemeji anauliza basi haya yana mwenyewe, na mkwe anamwambia ajaribu tu, atamshika mkono njia nzima, asiogope. Nasikia kamba zinafungwa. Nasikia magurudumu ya kigari.

Mlango umefunguliwa. Mlango umefungwa.

Wananipima. Sigeuki. Sasa hivi wataniita.