Baruti Iko Tayari, Bado Avio

...ndipo nilifika mbele ya mvua kutufukuza, na sasa mvua imekwisha, rudieni fasi zenu, weye mama kaa, juu ya sababu nilikuwa katikati ya majina ya heshima, na majina ya heshima mutu haiachi katikati, inaleta mikosi, kwa hiyo naanza tena kwa mwanzo: Mutukufu Shefu wetu Alimasi, mwenye medali kifuani na kiti chenye mikono miwili, Shehe wetu, Bwana Katekista wetu, nyinyi wazee wa Kasongo, mutu kwa mutu, hata ule analala kule nyuma, weye Grégoire na wabeba-mizigo wenzako wa Kabambare, muliokuja kwa miguu na mutarudi kwa miguu, nyinyi mama wauza mafuta, nyinyi polisi wote, ni kusema Théophile peke yake, na mimi mwenyewe, Faradji, Kapita Mukubwa wa Enspeksio ya Matiriale ya Hatari Mbele ya Transiporte ya Basoda mu Avio, jina ambalo bibi yangu wa ndoa, Fatuma, hajaweza kulimaliza hata siku moja bila kuketi kwanza. (Makofi. Kidogo.)

Munajua sababu tumekusanyika, lakini kazi ya mukubwa ni kuelezea watu kile wanajua. Vita ya wazungu iko kule mbali, basoda, ni kusema askari wetu, wako ndani, na basoda anahitaji baruti, mafuta ya motere, asidi ya batiri, vitu ambavyo hapa kwetu vinatoka kwa migodi ya zahabu ya Salamabila, na ndiyo maana ule bwana Ajan wa zamani, ule muzungu mwembamba wa serikali, alitukatisha majani kule uwanjani kusudi avio, ile motokari ya angani, ipate fasi ya kukaa, na akaniita akaniambia, Faradji, kila kitu cha hatari, mbele ya kupanda mu avio, weye ukiangalie, juu avio ikiwaka moto kule juu haina pembeni ya kusimama. Nikajibu ndiyo bwana. Ile ndiyo bwana ndiyo masomo yangu yote, ndugu zangu. Kwa masomo ya kuandika niliishia herufi ya tatu, na ile ya tatu hatukuachana vizuri. (Kicheko. Bwana Katekista anakubali na kichwa.)

Basi nikatengeneza programe. Programe yangu ya sekirite, ya usalama, iko na vyombo vinne, na vyote ninavyo mu uso: macho mbili, pua, na sikio la kuume, juu la kushoto linasikia vibaya. Kitu kikinuka, iko hatari. Kisiponuka, iko hatari ya kujificha, ile ndiyo mbaya zaidi. Sanduku naitikisa, naiwekea sikio, ikinyamaza naitikisa tena mpaka ijibu. Na kwa programe hiyo naweza kuwatangazia leo, mbele ya Shefu, kwamba hatari katika teritware yote, mji na vijiji, imepungua kwa nusu na robo, na ile nusu ingine haijaongezeka. (Makofi. Mutu mumoja anahesabu na vidole, anaacha.) Hata lutuku yenu, nyinyi mama, ile pombe ya kupika usiku, niliikuta inawaka moto ya bluu, nikaiandikisha mu vitu vya hatari, nikaikagua chupa kwa chupa, kwa ulimi wangu mwenyewe, mpaka hatari yote ikakwisha. Mama Subira anasema nimurudishie chupa yake. Chupa iko, mama. Ni hatari tu ndiyo haiko.

Na kuko watu wanasema nyuma yangu, Mama Subira anasema hata mbele yangu, kwamba ile siku ya karbire Kapita alikosa. Nitaeleza, kusudi historia isiharibike. Karbire ni yale mawe ya taa ya wachimba zahabu, munayajua, unatia maji kidogo mu taa na taa inawaka, na mimi siku zote nilifikiri ni taa ndiyo inapenda maji, si mawe. Grégoire na wenzake walileta pipa nzima, jua kali, bati ikawa ya moto kama sufuria, nikajiuliza, kitu cha hatari kikipata moto tunafanya nini? Tunakipoza. Na sisi watu wa huku tunapoza gisi gani? Ni mama gani hapa anapeleka mukate wa muhogo safari bila kuufunga mu majani mabichi na kuunyunyizia maji? Nikafungua pipa, nikaagiza majani, nikaagiza maji, tukayafunga yale mawe vizuri, moja kwa moja, kama mukate wa arusi. (Kicheko. Grégoire anafunika uso.) Mawe yakaanza kulia psss. Mimi, na akili yangu yote ya ukapita, nikajua mara moja: nyoka. Nikainama nimutafute nyoka, na Grégoire, kwa wema wake, akanikaribishia kijinga cha moto kusudi nione vizuri.

Munaona hapa juu ya macho? Palikuwa nyusi. Wengine walitoa watoto wao kwa vita hii, mimi nilitoa nyusi, na ndevu za upande mumoja, na kofia ambayo ilionekana mara ya mwisho ikienda njia ya Lusangi, na ikiwa kuna kitu kimewahi kuruka angani kutoka Kasongo katika programe hii, ni ile kofia. Lakini sikieni matokeo: avio haikupata hasara hata kidogo. (Makofi mingi. Mama Subira pia anapiga, anasahau.)

Sasa tuingie mu maneno makubwa. Kesho asubuhi bwana Ajan mupya, ule mwenye kujua Kiswahili, atasimama hapa na atauliza watu wote: avio iko ao haiko? Mukisema iko, mimi nabaki Kapita, na wanaume wote niliowaita wasaidizi wa enspeksio, ni kusema karibu wanaume wote munaowaona hapa, tunabaki kivulini na kazi ya kuwekea masanduku sikio. Mukisema haiko, tunarudi barabara ya Kabambare, kuchimba udongo, kubeba udongo, kumwaga udongo, mvua inachukua udongo, tunaanza tena. Angalieni hii tumbo. Imekomazwa na sekirite. Mukiirudisha kwa barabara itakufa mbele yangu. (Wanawake wanaangaliana.)

Grégoire anainua mukono, sema, kaka.

"Kapita, akituuliza avio inafanana gisi gani, tujibu nini?"

Ulizo zuri. Museme inafanana na ndege lakini haina aibu. Mama Cécilia naye ameniuliza pembeni kama akisema uongo ataungama kwa padri. Nimemujibu kwamba si uongo, ni enspeksio ya mbele, unakagua maneno kabla hayajawa kweli. Tujaribu pamoja. Avio iko? (Sauti: Iko.) Uwanja tayari? (Sauti: Tayari.) Mama Subira anauliza iko wapi. Mama Subira, weye kesho utakuwa mugonjwa.

Basi semeni nyuma yangu. Pua mbele! (Pua mbele.) Hatari chini! (Hatari chini.) Kapita asirudi barabarani! (Sauti ya Kapita peke yake.)

Nafunga na shukrani. Asante kwa ule bwana Ajan wa zamani, aliyekwenda zake mbele ya kutuambia avio inatoka wapi, siku gani, na nani aliiahidi. Asante kwa Mama Cécilia na wenzake, waliopanda karanga pale uwanjani, na karanga imetoa vizuri sana juu hakuna kitu kimeikanyaga. Asante kwa wabeba-mizigo, waliochukua mafuta ya motere na ile baruti, vyote na enspeksio kamili, juu ya vichwa vyao mpaka kwa treni, ng'ambo ya Lualaba, na wakaturudishia baruti, juu watu wa treni waliposikia ni Faradji ndiye aliikagua walikataa hata kuisogelea. Sasa iko mu kibanda nyuma ya nyumba ya Shefu, na Shefu analala kwa shemeji yake. Na asante kubwa kupita zote kwa avio yenyewe, ambayo hatujaiona, hatujaisikia, hatujui mutu aliyeiona, na bila uvumilivu wake wa kutokuja kazi hii yote isingewezeka. (Makofi. Kweli, hii mara ni makofi.)

Nini, Fatuma? Bibi, unaona niko natoa hotuba. Sema kwa sauti, hapa hatuna siri. Bwana Ajan mupya amekwisha kufika? Leo? Na amekuuliza weye wa kwanza? Na ukajibu... (Fatuma anamunongoneza mu sikio la kuume.)

Ndugu zangu, bibi yangu amejibu vizuri, amejibu kabisa vile nilimufundisha: avio iko, uwanja tayari, baruti imekaguliwa yote. Na bwana Ajan amefurahi sana, amepiga telegrame Kindu basoda walete avio, na amesema juu hakuna mutu anajua ile baruti kupita Kapita, Kapita atapanda nayo, akae juu ya masanduku njia yote kusudi yasitikisike. (Kicheko kinaanza kwa wabeba-mizigo.) Musicheke. Mama Cécilia, usililie karanga, lilia mimi. Mimi nikalie kitu nilichokikagua mwenyewe? Watu wa Kasongo, maneno ya kesho yamebadilika, sikieni vizuri: haiko. Haiko, haijawahi kuwa, semeni pamoja, haiko. Théophile, achilia shati yangu, nimesikia bwana ananiita, nakuja, nakwenda mwenyewe kumuambia ile barabara ya Kabambare mimi nilikuwa naiwaza siku zote, na hata usingizini... (Théophile anamuvuta mpaka sauti haisikiki tena.)