Malalamiko Kuhusu Senti Kumi ya Mama Yangu Mliyoifunga Isifunguke

Evarist Kasonso,
Kata ya Misunkumilo,
Mpanda, Katavi.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Kupima na Kufungia Sarafu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na mashine zenu. Sisi huku Misunkumilo ni wazima, isipokuwa kidole gumba changu cha kulia, ambacho ndicho kimeharibu mwandiko huu. Nitakifikia.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Mwezi wa tatu niliwatumia senti kumi ya shaba ya mwaka 1952, yenye tundu katikati. Mliirudisha ikiwa ndani ya kasha la plastiki. Kwa heshima zote, nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kasha halina mlango. Nimelizungusha pande zote, hakuna bawaba, hakuna skrubu, hakuna hata mahali pa kuingiza ukucha. Sarafu ile ni ya mama yangu, Bi Theopista. Marehemu baba alimpa siku alipomchumbia, naye ameivaa shingoni kwa uzi tangu hapo. Nilipoichukua nilimwambia inakwenda kusafishwa na wataalamu. Huo haukuwa ukweli. Nilikuwa nimeona tangazo lenu kwenye simu kwamba sarafu za zamani zikipimwa ubora na kupewa daraja hutafutwa na watu wa Ulaya, na nilishaanza kujiona kwenye televisheni nikiulizwa siri ya mafanikio. Tangazo lenu halikunionya kabisa kwamba nina mama.

Siku niliyomkabidhi kasha aliligeuza mara mbili, akalinyanyua kwenye mwanga, akasema, “Tundu naliona, Evarist. Uzi upite wapi?”

Miaka thelathini na nne nimeuliza watoto maswali. Hilo sikuwahi kulitunga.

2. Kibandiko chenu ni cha matusi. Mmeandika: “Haina daraja. Imesuguliwa.” Ni kweli imesuguliwa. Mama huisugua kwa majivu kila Jumamosi jioni ili Jumapili ing'ae kanisani, na amefanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Lakini hata Yotham, mwanafunzi wangu aliyeamini pembetatu ina pembe nne, sikuwahi kumwandikia “haina daraja” kwenye ripoti. Mama hajui kusoma. Aliponiuliza maandishi yale yanasemaje, nilimwambia ni jina la kampuni. Mmenifanya mwongo mara ya pili katika mwezi mmoja.

3. Kutokana na kasha lenu, mama hakwenda misa Jumapili mbili. Alisema shingo yake iko uchi. Katekista alikuja kuuliza kama anaumwa, naye akamjibu kwamba yeye ni mzima, aulizwe Evarist. Nikaulizwa. Nilizungumza muda mrefu kuhusu mvua.

4. Baada ya hapo niliamua kulifungua mwenyewe, kwa kuwa nina elimu. Nilianza na kisu cha jikoni. Kisu kiliteleza kikaingia kwenye kidole gumba kilichotajwa hapo juu. Kisha nikalichemsha kwenye sufuria, nikidhani plastiki italainika. Ilipata ukungu tu, sarafu tukawa hatuioni tena. Mke wangu Matilda aliniuliza kwa upole, “Baba Queen, hiyo supu ya nini?” Nilimwambia ni utafiti. Sufuria hiyo mpaka leo naiosha mimi.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Thadei, fundi baiskeli. Akalibana kwenye jiliwa, akainua nyundo. Nilimshika mkono nyundo ikiwa hewani. Thadei alinieleza kwamba plastiki ingevunjika kwa uhakika. Kuhusu sarafu hakuwa na uhakika. Watu waliokuja kujaza upepo walianza kutoa maoni. Mmoja alishauri tusubiri lori lipite. Nilirudi nyumbani na kasha likiwa zima, mimi nikiwa nimechakaa.

5. Aliyenisaidia hakutoka kwenye kampuni yenu. Ni Malale, mfugaji wa Litapunga, aliyekuja Mpanda kununua waya wa zizi. Alikuwa na koleo lake la kukatia waya. Hakuuliza daraja wala mwaka. Aliuliza, “Mwalimu, kitu chenyewe kiko katikati?” Nikasema ndiyo. “Basi katikati tusipaguse.”

Alilifunika kasha kwa khanga ya Matilda ili vipande visiruke machoni. Akabana koleo kwenye kona moja tu, taratibu, mpaka plastiki ikalia. Akafanya hivyo kona zote nne, mbali na sarafu. Kisha akachomeka bisibisi bapa kwenye mshono wa pembeni, akaizungusha kidogo kama anayewasha gari. Kasha likaachana vipande viwili juu ya blanketi lililokunjwa. Akaniambia niishike sarafu ukingoni. Niliishika ukingoni. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Naomba mjiulize kwa nini hayo yanajulikana Litapunga na hayajulikani kwenye bahasha zenu.

Mama aliipokea, akaipitisha kwenye uzi, akaenda jikoni kuchota majivu. Jioni aliponipakulia ugali, kwenye sahani yangu kulikuwa na samaki mzima, mgebuka.

6. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, kila kasha liwe na maelezo ya kulifungua. Pili, mfungue tawi Mpanda, Malale awe mkuu wa ufundi. Tatu, na hili ndilo kubwa, wewe Meneja uje Misunkumilo mwenyewe, uketi mbele ya mama yangu, umwambie kwamba wazo la kuichukua sarafu lilikuwa lako. Treni inafika. Nitakupokea stesheni, na njiani nitakufundisha la kusema.

Wasalimie wafanyakazi wote, hasa aliyepima, na mwambie sina kinyongo naye kikubwa. Matilda anawasalimu. Thadei anawasalimu na bado ana nyundo.

Ni mimi mwenye kidole kimoja pungufu kwa sasa,
Mwl. Evarist Kasonso

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama aliuliza ninaandika nini siku tatu. Nikamsomea. Nilikusudia kuruka namba moja na namba mbili; ya pili nikasahau. Alinisimamisha hapo, akataka nirudie. Nikarudia: imesuguliwa. Akauliza wamejuaje, nikamwambia wana vioo vya kukuza. Alipeleka mkono shingoni.

“Kumbe kuna mtu aliona,” akasema.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, kuanzia la kwanza hadi la sita. Sarafu nimeiambatanisha. Ameivua mwenyewe. Tafadhali ifungeni tena, kwenye kasha jipya gumu kama lile, ataitundika ukutani kando ya picha ya baba ili wageni wasome. Anaomba jambo moja tu: pale mlipoandika “Imesuguliwa,” muongeze “na Theopista.”